Rimoti Moja, Ving'amuzi Viwili na Mnara wa Ng'ambo ya Songwe

Mtambo mmoja wa kurusha mawimbi unaweza kuamrisha vipokezi hata mia kwa mpigo, na hauhitaji ufundi wowote kufanya hivyo. Ufundi huanza pale mtu anapotaka kimoja kitii na vilivyobaki vitulie. Wimbi likishatoka halichagui pa kwenda: kila chenye jicho au antena hulipokea, na kila kinachoelewa lugha yake hulitii. Mtambo wenyewe, ukiwa wa aina rahisi, haupati jibu lolote. Haujui nani ametii, nani amesinzia, wala nani ametii amri isiyomhusu. Wilayani Kyela somo hili hufundishwa kila usiku wa mpira, kwa kiingilio.

Banda umiza, liwe la Ipinda, la Kyela mjini au la Matema, lina mabati, mabenchi, joto la kutosha na kijana wa mlangoni asiyetaka maelezo. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza kadhaa kwa pamoja, saa 5 usiku ikiwa ni majira ya baridi ya huko, na shabiki wa timu moja hatoi hela yake ili atazame ya mwenzake. Mwenye banda huongeza televisheni na king'amuzi cha pili. Kwa kuwa cha kwanza hakijamsumbua, hununua cha kampuni ileile, toleo lilelile. Akikiweka pembeni ya mwenzake na kubonyeza rimoti, huwa tayari ameunda mfumo wa mtambo mmoja na vipokezi viwili, bila kukusudia.

Rimoti hutuma mwanga usioonekana kwa macho. Kamera za simu nyingi huuona, ndiyo maana fundi huielekeza rimoti kwenye simu yake kabla hajamshauri mteja anunue betri. Mwanga huo humetameta mara 38,000 hivi kwa sekunde, ili king'amuzi kisiuchanganye na jua linalopenya kwenye matundu ya mabati. Ndani ya mmetameto huo kuna ujumbe. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, ujumbe hufunguliwa kwa mwako wa milisekunde 9 na kimya cha milisekunde 4.5, kisha hufuata alama 32: nane za anwani, nane za kuihakikisha anwani, nane za amri, na nane za kuihakikisha amri. Tahadhari yote hiyo ingetosha kama anwani ingekuwa ya king'amuzi kimoja. Lakini ni ya toleo zima. Kubonyeza rimoti hiyo ni sawa na kusimama stendi ya Kyela na kuita "Mwakalinga!": watakaogeuka ni wengi, na wote wana haki.

Vipokezi viwili vikitii sawasawa, hasara ni ndogo. Mechi zote mbili huhamia taarifa ya habari kwa pamoja. Balaa huja pale kimoja kinapokosa amri kwa sababu kichwa cha mteja kilikuwa njiani. Maana amri ziko za aina mbili. Ipo inayotaja hali inayotakiwa, kama vile namba ya chaneli. Hiyo hata ikirudiwa mara ngapi, vyote huishia mahali pamoja. Na ipo inayosema tu "geuka ulivyo", kama kitufe cha kuwasha na kuzima, au "songa hatua moja", kama kile cha chaneli inayofuata. Kitufe cha kuwasha ndicho kinachovunja mabenchi. King'amuzi kimoja kikiwa kimewaka na kingine kimezimika, mbonyezo mmoja huvipa zamu: kilichowaka huzimika, kilichozimika huwaka. Mbonyezo wa pili huvirudisha vilivyokuwa. Mwenye banda hubonyeza kwa hasira, upande wa kushoto unashangilia na wa kulia unazomea, kisha zamu hugeuka, na hakuna idadi ya mibonyezo itakayoviwasha vyote viwili. Hesabu haikubali. Dawa ya haraka ni kuchomoa kimoja kwenye umeme, ila gizani mkono huwa na tabia ya kukamata waya wa stepu nzima.

Mafundi wa mtaani wana tiba zao. Wapo wanaoziba jicho la king'amuzi kimoja kwa kipande cha boksi, kinachoinuliwa kila amri inapohitajika kupita. Kazi hiyo hupewa mtoto, naye hupata kiingilio cha bure. Wengine huivisha rimoti bomba la karatasi ngumu ili mwanga usitawanyike. Bomba hilo hufanya kazi vizuri sebuleni kwenye mapazia mazito. Kwenye banda la mabati mwanga hugonga ukuta na kurudi, na king'amuzi kilichogeuziwa mgongo hutii kama kawaida. Baadhi ya matoleo yana mahali kwenye menyu pa kubadilishia anwani, kila kimoja kikawa na rimoti yake, na hiyo ndiyo tiba ya kweli. Tatizo ni kwamba menyu yenyewe hufunguliwa kwa rimoti. Asiyekumbuka kuzima kimoja kwanza huvibadilisha vyote viwili na kujikuta alipoanzia, safari hii akiwa na rimoti ya zamani isiyosikilizwa na yeyote.

Usumbufu huu ni mkongwe kuliko televisheni. Nikola Tesla alipoonyesha mashua yake ya kuongozwa bila waya huko New York mwaka 1898, alikuwa na mashua moja na mtambo mmoja, hivyo hakuna aliyemwingilia. Hata hivyo hakuridhika, na mwaka 1903 alipewa hataza za mfumo ambao kipokezi chake hakiitikii mpaka kipate mawimbi ya masafa tofauti kwa pamoja. Waliokuja baadaye hawakuwa waangalifu kiasi hicho. Flash-Matic, rimoti ya kampuni ya Zenith ya mwaka 1955, ilikuwa tochi ya kumulikia pembe za televisheni, na jua likiingia dirishani liliweza kubadilisha chaneli bila kuombwa. Iliyofuata mwaka 1956 ilitumia mlio wa juu usiosikika, na mgeni mwenye funguo nyingi mfukoni akawa mtambo wa pili.

Mawimbi ya redio ni makorofi zaidi kwa kuwa hayazuiwi na boksi wala ukuta wa tofali. Maiki isiyo na waya ya bei nafuu huja na masafa yaliyowekwa kiwandani, na kiwanda huyauzia makanisa na kumbi za sherehe bila ubaguzi. Kanisa na ukumbi vikipakana, na Jumamosi kukawa na mkesha huku na sendofu kule, hakuna neno mradi maiki zote mbili zimewashwa. Kipokezi cha FM hushika wimbi lenye nguvu na kulifukuza lililo dhaifu, na maiki iliyo karibu ndiyo yenye nguvu. Kasheshe huanza mchungaji anapotangaza maombi ya kimyakimya na kuizima maiki kuokoa betri. Kipokezi chake, kikikosa bwana, hupokea bwana mwingine. Waumini wameinamisha vichwa, na spika inatangaza kwamba shangazi yake bibi harusi anakuja mbele na friji, apigiwe vigelegele. Maiki za bei ya juu hubeba mlio mwembamba usiosikika kwa sikio, na kipokezi hukaa bubu mpaka kiusikie. Kwa zisizo nao, dawa ni kuiacha maiki imewaka muda wote na kuzitengea betri fungu kwenye bajeti ya kanisa.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, uko ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Mnara wa simu hutangaza jina la mtandao wake kwa simu zote zilizo karibu, na simu ikijisajili, mnara unaweza kuitumia saa na tarehe, nayo hujirekebisha bila kumuuliza mwenyewe. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, Malawi iko saa mbili. Simu ya Kyela ikiupoteza mnara wa nyumbani, na kampuni yake ikiwa na mkataba upande wa pili, huhamia Malawi. Humletea mwenyewe ujumbe wa kumkaribisha nchi ya kigeni akiwa katikati ya shamba lake la mpunga, kisha hurudi nyuma saa moja. Na ikishahamia, huwa haina haraka ya kurudi.

Athari yake haionekani mpaka pawepo basi. Msafiri wa Dar es Salaam aliyeambiwa afike stendi saa 11 alfajiri hutega kengele na kulala, na usiku simu huhama. Kengele hulia kwa saa yake kamili, ya Malawi. Msafiri huingia stendi akiwa na dakika kumi za akiba kwa hesabu yake, huku basi likipandisha milima ya kuelekea Tukuyu. Mkazi wa upande wa Karonga aliyenaswa na mnara wa Tanzania hupatwa na kinyume chake: hufika mapema kwa saa nzima na kusifiwa. Nyumba yenye simu tatu za kampuni tofauti inaweza kuwa na saa mbili tofauti katika usiku mmoja, na ubishi wa kama mpira umeanza huamuliwa na saa ya ukutani, ambayo haipokei amri ya yeyote isipokuwa betri.

Kwenye Ziwa Nyasa hali ni ngumu zaidi. Malawi hudai maji yote hadi ufukwe wa Tanzania, kwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Tanzania husema mpaka uko katikati ya ziwa. Simu ya mvuvi wa dagaa aliyetoka Matema na taa zake haijasoma mkataba huo. Huangalia tu mnara upi unasikika, na inaweza kubadilisha nchi kabla nyavu hazijavutwa.

Kinga ipo. Kuzima kipengele cha simu kujirekebisha saa huondoa tatizo la basi, ingawa gharama za kupiga simu ukiwa mgeni hubaki palepale. Kuchagua mtandao kwa mkono, badala ya kuiachia simu ichague, huondoa yote mawili. Aliyechagua njia hiyo hukaa kwa amani mpaka siku atakayovuka Kasumulu kwenda Karonga kununua bidhaa. Huko simu, kwa uaminifu mkubwa, hukataa kila mnara wa kigeni, na mwenyewe huzunguka sokoni akiwa na saa sahihi kabisa ya Kyela, bila mtandao wa kumpigia mtu amuulize huko ni saa ngapi.