Kawaida ya Nani?

Karatasi yangu ya majibu ya damu imejaa H za kuzidi na L za kupungua kama daftari la mwanafunzi mzembe. Nikamuuliza kijana wa maabara, "Mwanangu, hivi viwango vya kawaida vimetoka wapi?" Akajibu kwa adabu zote, "Vimekuja na mashine, babu."

Yaani mashine imevuka bahari na kawaida yake mkobani!

Nikaipeleka karatasi barazani kwetu Jaws Corner, hapa Zanzibar. Dhumna zikasimama. Mmoja akaniandikia mlonge, mwengine akaniuliza kama wosia nishauandika.

Kumbe kiwango cha kawaida hutengenezwa hivi: hutafutwa watu wenye afya, wasiopungua 120, wakapimwa, kisha wa juu kabisa na wa chini kabisa wakakatwa. Katika kila wazima 100, watano hubaki nje kwa hesabu tu. Pimwa vitu ishirini, herufi moja ni rahisi kukupata hata ukiwa mzima wa chuma.

Na waliopimwa ni nani? Viwango vya Mbeya vilivyochapishwa 2008 ni vya watu wa miaka 19 hadi 48. Mwaka uliofuata vikaja vya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia: watu 2,105, mwisho miaka 60. Sisi wa pencheni jamii, inayotolewa Zanzibar tangu 2016 kwa waliotimiza miaka 70, hatumo. Serikali imetuona, maabara bado.

Mwili wa mzee una mambo yake. Kasi ya damu kutuama hupanda na umri, ukapigwa H ya bure. Figo nazo huchoka, lakini kwa kuwa nyama za mwili zimepungua, kreatinini, taka ya misuli inayotumika kupima figo, husoma vizuri tu. Karatasi inakutisha pasipo na jambo, na penye jambo inakupongeza.

Nakiri kazi ya kutafuta wazee wazima wa kupima si nyepesi. Ukisema wenye presha na sukari wakae kando, barazani atabaki muuza kahawa peke yake.

Hata hivyo, watafiti, njooni. Baada ya Alasiri tupo, na mishipa yetu imejitokeza yenyewe.

Nawe msomaji, ukipewa H usikimbilie mlonge, wala usiitupe karatasi. Muulize daktari umelinganishwa na nani, na umpelekee majibu ya mwaka jana. Kipimo chako cha zamani ndicho jirani anayekujua.