Mchicha Umenyang'anywa Jina

Nyumbani kwetu ikifika saa kumi na moja jioni huulizwa swali moja zito, wala si la siasa. "Leo tunalia nini?" Mgeni wa Kiswahili akilisikia atadhani kuna msiba. Hakuna msiba, ni ugali tu unatafutiwa cha kuulia. Ingawa kuanzia tarehe 20 hivi, mfuko ukishatoboka, maana zote mbili huwa sawa.

Jibu linalonitia uchungu ni hili: "Leo hakuna mboga, kuna mchicha tu."

Hebu lisome tena. Mchicha upo, umeoshwa, umekatwa, uko kwenye sufuria, ila mboga hakuna! Anayesema hivyo ni binti yangu wa darasa la sita, na Kiswahili huwa anapata A. Wala mama yake hamsahihishi, maana ndiye aliyemfundisha.

Neno mboga lenyewe ni la kwetu, halikushushwa na jahazi kama bamia au biriani. Ni la Kibantu, na ndugu zake wamejaa kote: Wanyarwanda na Warundi wana imboga, Wakikuyu wana mboga, Waganda wao wakamvisha kabichi jina hilo, wakamwita emboga. Kote huko linanukia majani. Na boga liko jirani kabisa, majani yake bibi zetu wakiyaunga kwa karanga za kutwanga. Wahenga wenyewe walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Kongoro hawakulitaja.

Sasa sijui ni nani aliyemfungulia nyama mlango. Aliingia kama mpangaji wa chumba cha uani, leo ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba wa zamani anadaiwa kitambulisho. Mchicha ukitaka kutambuliwa sharti utaje na ubini: mboga za majani. Huko maofisini wakauonea huruma, wakautamka mara mbili: mbogamboga. Eti mazao ya mbogamboga. Na Kiswahili kinajulikana, kitu ukikirudia mara mbili umekipunguzia heshima. Sijasikia hotuba ya bajeti ikitaja nyamanyama.

Nimelichunguza jambo hili kwa muda, na nimegundua kwamba hapa kwetu Tanzania Bara mboga si chakula, ni cheo. Yai asubuhi kando ya chai ni kitafunwa. Yai hilo hilo usiku, likikaa kando ya ugali, limeshapanda, ni mboga. Mtindi ukinywewa kwenye glasi ni kinywaji, ukimwagiwa ugali kule Singida ni mboga kamili. Nyama choma pale baa hakuna anayeiita mboga. Ila ikibaki, ikafungwa kwenye foili na kupelekwa nyumbani, ikikutana na ugali inaapishwa mlangoni. Maharage ndiyo hayana mjadala. Aliyesoma bweni anajua yalikuwa mboga Jumatatu hadi Jumapili, pamoja na wale wadudu waliokuwa nyama yake.

Watu wa pwani wao walijipanga mapema. Unguja na Mombasa wana kitoweo, kutokana na kutowea, yaani kulisindikiza tonge na kitu. Neno safi, linabeba samaki, linabeba nyama, na halimdhulumu mtu. Tungelichukua hilo wote, mchicha ungebaki na jina lake. Lakini huku kwetu kitoweo tunakisikia zaidi kwenye taarifa ya habari, pale mtu anapokamatwa akiwa na nyama ya swala.

Haya mambo yana madhara. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mtu wa Nairobi. Kwao mboga ni mboga: sukuma wiki, kabichi, managu. Mama mboga wa Kenya, yule aliyetajwa kwenye majukwaa ya uchaguzi wa 2022 sambamba na mtu wa bodaboda, hakuna aliyemdhania kwamba anauza maini. Sasa shemeji alikuja kutusalimu, na daktari alikuwa amemkanya nyama nyekundu. Kwa adabu zake zote akamwambia mama, "Mama, usihangaike. Mimi nitakula ugali na mboga tu."

Mama akafurahi, amepata mkwe asiye na makuu. "Mboga gani, baba?"

"Yoyote tu, mama."

Mtoto akatumwa buchani, kilo mbili za ng'ombe. Chakula kikaandaliwa. Shemeji akafunua bakuli, akalifunika, akalifunua tena, nadhani akitumaini majani yamezama. "Mama, na mboga?"

"Si hiyo hapo, baba? Au haijaiva?"

Alikula. Mbele ya mama mkwe ungefanya nini? Tena aliongezewa.

Mimi mwenyewe jambo hili linaniumiza mfukoni. Kila asubuhi naacha hela ya mboga. Kwa maana ile ya mababu, hela ile ingetosha mchicha, matembele na kisamvu, na chenji ingerudi. Lakini naulizwa, "Hii ni ya mboga gani?" Nikijaribu kueleza kwamba kwa asili mboga ni majani, naambiwa nikale huko kwenye kamusi.

Basi wenye kamusi mnisikie. Nyama irudishwe kwenye kitoweo, neno mboga liachiwe majani, na tangazo lipelekwe hadi kwa wasusi na mabuchani, huko ndiko lugha inakopangwa. Na nyinyi mashemeji wa Kenya, wakati hilo linasubiriwa, mkija Dar es Salaam na mnataka mchicha, semeni mchicha. Mkisema mboga mtaletewa ng'ombe, na mtammaliza.