Wino Haujakauka

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, ghorofa ya pili ya ofisi moja Kariakoo. Feni imezimwa, mlinzi ameshafunga geti la ngazi. Juu ya meza ya mhasibu imebaki Fomu ya Likizo, imekunjwa mara nne kisha ikakunjuliwa. Chini ya meza kuna Begi la safari lenye zipu iliyofungwa kwa pini.

FOMU: Shikamoo, Mzee Muhuri.

MUHURI: Marahaba. Mbona una makunyanzi? Jumanne nilikuacha umenyooka kama kanzu ya Idi.

FOMU: Nimekunjwa, mzee. Saa kumi na moja kasoro dakika tano umeingia ujumbe kwenye simu ya dada wa mahesabu: "Likizo yako imesitishwa mpaka utakapotaarifiwa tena, kutokana na mahitaji ya kazi." Mwishoni wameweka kidole gumba na viganja viwili vya kuomba.

MUHURI: Basi wametumia adabu.

FOMU: Adabu gani? Si wewe uliyenigonga hapa, juu ya neno IMEIDHINISHWA? Wino wako haujakauka.

MUHURI: Mwanangu, mimi nagonga ninapopelekwa. Hata risiti ya maandazi nimewahi kuigonga. Ukitaka kujua maana ya nilichogonga, muulize aliyenishika.

BEGI: (kutoka chini ya meza) Na mimi nimuulize nani? Nina doti nne za kanga, viatu vya mtoto na kilo tatu za tende. Tiketi iko mfuko wangu wa pembeni. Keshokutwa alfajiri, Mbagala.

KABATI LA MAFAILI: (droo ya chini inalia kwa kutu) Kwani safari ya wapi?

FOMU: Tunduru, bibi. Jumatano ni arobaini ya baba yake.

KABATI: Masikini. Lakini si alipewa siku za msiba?

FOMU: Alipewa nne. Moja ikaishia barabarani kwenda, moja kurudi. Baba yake alimzika kama mtu anayewahi foleni ya benki.

KABATI: Nne ndizo za sheria. Mfanyakazi akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja, hapewi chini ya siku nne, na mshahara haukatwi. Kwa mtu wa Ilala zinatosha. Kwa mtu wa Tunduru ni kwenda kupungia mkono kaburi. Ndiyo maana akaomba likizo ya mwaka.

MUHURI: Arobaini si inaweza kusogezwa mbele kidogo? Wakaifanya hamsini.

Kimya. Kikombe cha bosi kilitazama dirishani.

KALENDA: Mimi nina kurasa kumi na mbili, Mzee Muhuri. Hiyo hamsini sijawahi kuiona.

MUHURI: Nasema tu. Likizo ni hisani. Mwenye ofisi akiitoa, ushukuru. Akiichukua, ushukuru pia kwamba una kazi.

KABATI: Vuta droo yangu ya pili. Taratibu, inakwama. Hapo nyuma ya ankara za umeme kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 31. Siku 28 mfululizo, zenye malipo, kwa kila mzunguko wa miezi 12. Umeona neno hisani hapo?

KALENDA: Ila mjue, hizo 28 zinameza Jumapili na sikukuu. Wengi huja kunihesabu wakiruka Jumapili, kisha wananilaumu mimi.

MUHURI: Bibi, umesoma nusu ya ukurasa. Endelea. Nani anapanga likizo iliwe lini?

KABATI: Mwajiri. Sikufichi.

MUHURI: (anacheka mpaka kidau chake cha wino kinafunguka) Haya! Onyesha basi mahali palipoandikwa kwamba akighairi lazima atoe taarifa ya wiki mbili.

KABATI: Hapajaandikwa. Hapo sheria yetu imemwachia mwajiri kamba ndefu, na mimi nasema ni pengo.

KIKOMBE: Nilikonunuliwa mimi, London, hilo pengo wameliziba. Kanuni zao za saa za kazi za mwaka 1998 zinasema mwajiri akitaka kukuzuia usiende, akupe taarifa ya siku zisizopungua zile anazokunyima. Likizo ya siku kumi, akwambie siku kumi kabla. Hiyo ya leo ya dakika tano kabla ya kutoka kazini ingetosha kukunyima muda wa kufunga viatu.

MUHURI: Wewe unywewe chai, usilete ya Ulaya.

KABATI: Mwache. Turudi hapa kwetu, maana hata hiyo kamba ndefu ina mwisho. Mwajiri anapanga, ndiyo, lakini likizo iliwe ndani ya miezi sita tangu mzunguko uishe. Kuifikisha miezi 12, mambo mawili lazima yawepo: mfanyakazi awe amekubali, na mahitaji ya kazi yawe ya kweli. Kalenda, mzunguko wake uliisha lini?

KALENDA: Miezi mitano na siku nne zilizopita.

KABATI: Basi huo "mpaka utakapotaarifiwa tena" una chini ya mwezi mmoja wa kuishi. Ukipita hapo bila yeye kukubali, ni uvunjaji wa sheria. Na malipo ya likizo, ameshapewa?

FOMU: Bado. Walisema Jumatatu.

KABATI: Jumatatu ndiyo siku ya kuanza! Malipo hutolewa kabla ya likizo kuanza. Kumbe hawakuwa na nia tangu Jumanne.

BEGI: Mimi nasema tuondoke. Atoke na mimi keshokutwa, atarudi baada ya siku 28. Watamfanya nini?

KABATI: Tulia, Begi. Hapo ndipo wengi wanapopotezea kazi na haki wakiwa nayo mkononi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zimetaja kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa, au bila sababu inayokubalika, kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Najua arobaini ni sababu. Lakini akiondoka kimya, waajiri wake ndio watakaokuwa wa kwanza kuandika barua.

FOMU: Tumeambiwa mahitaji ya kazi. Yapi? Hesabu za mwezi amezifunga, mimi nilikuwa chini ya kiwiko chake.

Kikombe kikakohoa.

KIKOMBE: Nisiseme.

KABATI: Sema.

KIKOMBE: Leo saa nne bosi alikuwa kwenye simu, mimi mkononi mwake. Amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wake. Vikao ni kila jioni, na kuanzia Jumatatu atakuwa akitoka saa saba mchana. Akasema, "Ofisini nitamwacha yule binti wa mahesabu, ndiye anayejua funguo zilipo."

MUHURI: (kwa sauti ndogo) Harusi nayo ni jambo la kijamii.

KALENDA: Na arobaini ni nini, mechi ya kirafiki?

KABATI: Sasa nisikilizeni. Aandike barua, fupi, isiyo na matusi wala machozi. Aeleze kuwa likizo iliidhinishwa Jumanne, ikasitishwa Ijumaa. Aombe sababu kwa maandishi, maana "mahitaji ya kazi" ni rahisi kuandika kwenye simu, lakini "kamati ya harusi" hakuna bosi atakayeitia saini. Ataje tarehe mpya anayoitaka, ndani ya ile miezi sita. Adai nauli, na kivuli cha tiketi akiambatanishe. Ule ujumbe wa simu asiufute. Na nakala yake ya barua igongwe IMEPOKELEWA, pamoja na tarehe.

MUHURI: Igongwe na nani?

KABATI: Na wewe.

Muhuri akanyamaza. Alikuwa amezoea kuamua mambo, si kuyashuhudia.

FOMU: Wasipojibu, bibi?

KABATI: Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Una binamu yako kule, Fomu Namba 1, ndiye anayefungua malalamiko. Aliyefukuzwa ana siku 30 tu. Kwa mgogoro kama huu ni siku 60. Kwanza wanakaa kusuluhishwa, ikishindikana ndipo uamuzi. Wengi hukosea kungoja huruma mpaka siku zinaisha, kisha wanakuja kulia kwenye droo zangu.

KALENDA: Basi mimi naanza kuhesabu leo.

Dada wa mahesabu hakusafiri. Tende zilikwenda Tunduru na kondakta, kwenye boksi la sabuni lililoandikwa jina kwa kalamu nyekundu, na arobaini ikasomwa Jumatano bila yeye. Barua yake ya mistari saba ilifika mapokezi Jumatatu saa mbili na nusu. Nakala yake imegongwa IMEPOKELEWA, muhuri umekaa upande lakini tarehe inasomeka. Bosi hajajibu. Kwa hesabu ya Kalenda, leo ni siku ya 19. Zimebaki 41.