Utangulizi wa Ngumiolojia

Mwanafunzi, zima simu. Ngumiolojia ni elimu ya mikono ya refa wa mpira wa kikapu, tangu filimbi inapolia hadi karani wa meza anapoandika. Bila elimu hii saa haisimami, na saa isiposimama ulimwengu hukosa adabu.

Asili yake ni hii. James Naismith alipobuni mchezo huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, kanuni zake 13 zilimkataza mchezaji kuupiga mpira kwa ngumi. Ngumi haikufa. Ilihamia kwa refa.

Fasili ya 1: Unyanyuongumi. Mkono mmoja juu, vidole vimekunjwa: faulo. Vidole vikinyooka, kiganja wazi, huo ni ukiukaji tu, mfano kutembea na mpira. Usipapite hapa haraka. Hatia nzima imo katika mkunjo.

Fasili ya 2: Hesabuvidole. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mkosaji mwenye namba ya jezi 11 hadi 15 hutajwa kwa ngumi ya kulia, yenye thamani ya kumi, pamoja na vidole vya kushoto. Naam, ngumi ileile iliyosimamisha saa sasa ni tarakimu! Ila namba 16 haistahili ngumi. Huonyeshwa kwanza kidole kimoja, mgongo wa mkono ukiielekea meza, ndipo vidole sita, viganja vikiielekea. Baina ya 15 na 16, basi, pana bonde ambalo wanafalsafa wamelikwepa kwa woga. Namba 0 huchukua mkono mmoja, 00 miwili. Wanaodai sifuri zote ni sawa hawajawahi kukalia kiti cha karani.

Fasili ya 3: Kosa lenyewe. Ngumi ikigonga kiganja, mwenye mpira kamvamia mlinzi. Mikono yote kiunoni (kiunoshiko) ni kuzuia njia. Usiichanganye na mama anayemngoja mtoto aliyetumwa chumvi tangu asubuhi, kwani mama hana filimbi. Kifundo cha mkono kikishikwa chini, ni kushikilia. Kikishikwa juu ya kichwa, ni utovu wa uungwana, na adhabu hupanda pamoja na mikono.

Idadi ya mitupo huru ni vidole tu. Hata watoto wanaiweza.

Mtihani ni wa vitendo. Kalamu haitahitajika, ila kucha zikatwe.