Geti na Kigango

(Nje ya shule moja ya msingi, barabara ya Malindi. Kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu, kimelazwa ndani ya tuktuk. Dereva amekwenda kununua mahamri.)

GETI: Shikamoo, babu. Karibu usome kibao changu.

KIGANGO: Marahaba. Nimekisoma. Jina la mheshimiwa liko mara tatu. La fundi sijaliona.

GETI: Fundi si alilipwa! Hii ni sanaa ya umma, babu. Pesa za CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo.

KIGANGO: Na madarasa?

GETI: Darasa la pili wako chini ya mwembe. Lakini lazima wapite kwangu kwanza.

KIGANGO: Huko Marekani nilikofungiwa stoo nilisikia habari za ukata wao wa miaka ya 1930. Mwaka 1935 serikali ya Roosevelt iliwaajiri wachongaji kwa mshahara wa wiki, kwa kuwa na wao wana matumbo. Wapinzani walipiga kelele, pesa zinachezewa. Wachongaji wakachonga. Kazi zaidi ya 17,000, nyingine zikapelekwa mashuleni.

GETI: Huku je?

KIGANGO: Huku Mwingereza alikuwa akidai kodi ya kibanda. Aliyetaka kuchongewa aliwategemea wanawe. Wangu mimi alikuwa mzee wa gohu, chama cha wazee wa Kimijikenda. Aliwatokea ndotoni, analalamika amesahauliwa, basi wakatafuta mti mgumu, fundi akanitia pembetatu kifuani, safu kwa safu. Jina sikuandikwa, na ukoo mzima ulinijua. Kisha vijana wakaning'oa usiku, nikauzwa.

GETI: Pole. Bora umerudi, serikali imekupokea.

KIGANGO: Imenipokea! Wale wenzangu 30 waliorudishwa na makumbusho ya Denver, walipofika Nairobi mwaka 2019 watu wa forodha walidai ushuru.

GETI: Ushuru wa nini?

KIGANGO: Wa kuingiza mali kutoka nje. Mti wa Pwani, mwanangu.

GETI: Ungeandikwa jina, babu, usingeibiwa. Mimi nani ataniiba?

KIGANGO: Hapo umesema kweli.

GETI: Tena naandikwa upya. Mheshimiwa kaanguka kwenye uchaguzi, fundi rangi anakuja Jumatatu.

KIGANGO: Na darasa la pili?

GETI: Bajeti ya mwaka huu ni ya rangi.

KIGANGO: Basi mwambie huyo fundi aandike na jina lake. Hapo chini, kwa herufi ndogo.

GETI: Hapo chini pana picha ya mheshimiwa mpya, babu. Anapeana mkono na mwalimu mkuu.