Taa ya Samaki Ikizimika, Laumu kwa Mpangilio

Una tenki la samaki Goweko. Usijitetee. Hapa reli ya kati inakatiza miombo kuelekea Tabora, watu wanajua mizinga ya nyuki, mabani ya tumbaku na madumu ya maji juu ya baiskeli, na wewe umechukua lita mia mbili za maji hayohayo ukayaweka sebuleni yatazamwe. Kusemwa umeshazoea. Ila sasa limezuka jipya: taa ya tenki inazimika yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Mgeni uliyemwita jioni aje aone samaki anaishia kuona pua yake kwenye kioo. Cha kuudhi zaidi, ukiamka asubuhi unaikuta inawaka, kama mlevi anayejifanya alilala nyumbani.

Fuata mwongozo huu. Hatua zimepangwa kama wanavyozifuata watu, si kama inavyotakiwa.

Anza na shirika la umeme. Hili halihitaji ushahidi. Toka barazani, mikono kiunoni, useme kwa sauti, "Wamekata tena!" Jirani ataitikia hata kama redio yake inaimba nyuma yake. Jihadhari tu usitupie jicho mapovu ya pampu ya hewa. Pampu na taa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Mapovu yakiwa yanapanda, umeme upo, na hasira nzuri kama ile itakuwa imekwenda bure.

Ukishajua umeme upo, nunua umeme. Ingiza tarakimu zote 20 za LUKU, kosea ya kumi na saba, anza upya. Taa haitawaka, lakini utajisikia umefanya kitu.

Kisha igeukie treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu mwaka huo kila kinachopasuka, kinachoanguka au kinachozimika kandokando yake kina wa kusingiziwa. (Kabla ya hapo njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa ya misafara, na nadhani walisingiziwa wapagazi.) Mimi nilikaa wiki nzima na daftari nikiandika kila mabehewa ya mizigo yalipotikisa vikombe kabatini. Treni zilipita asubuhi, alasiri, usiku wa manane, zilivyojisikia. Taa ilizimika kila siku baada tu ya chakula cha mchana. Nikahitimisha kwamba treni inazima taa kwanza, halafu inajificha ipite baadaye.

Hapo ndipo unapomwita fundi. Wangu alikuja na testa, akaitazama taa bila kuigusa.

"Mzee, hii ni ya Kichina."

"Na testa yako?"

Akaigeuza, akaisoma. "Nayo."

Lakini nimtendee haki, maana alisema mawili ya kweli. La kwanza lilihusu kitambaa. Mke wangu alikuwa ameifunika taa kwa kitambaa cha kufuma, chenye maua, ndugu wa kile cha kwenye runinga na kile cha kwenye friji. Taa za LED hazichomi mkono kama zile balbu za zamani, ila zinatoa joto, na joto hilo linatokea mgongoni. Ukiziba mgongo na kuifukia adapta nyuma ya kochi, taa yenye kinga ya joto hujizima, ikipoa inawaka tena. Dalili yake ni hiyo: inakaa saa moja au mbili, inazima, inapumzika, inarudi. Kitambaa kikaondolewa. Nyumba ilinuna siku mbili.

La pili ni waya. Usiuache unyooke kutoka kwenye tenki hadi kwenye soketi. Uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji likiteremka nao lidondokee sakafuni. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa plagi. Hapa sitanii.

Taa ikaendelea kuzimika.

Aliyeligundua ni mpwa wangu wa darasa la sita, aliyekuja likizo. Alichuchumaa mbele ya ile swichi ya saa niliyoinunua Tabora, ile unayoichomekea taa ikuwashie na kukuzimia, akabonyeza mara mbili.

"Mjomba, umeiambia izime saa saba mchana."

"Nimeiambia saa moja usiku. Nimeandika moja mwenyewe."

"Hiyo moja ni ya kizungu, mjomba."

Nilitaka iwake saa moja asubuhi, izime saa moja usiku. Nikaandika 1:00 AM na 1:00 PM, nikaenda zangu. Muuzaji alikuwa ameshaiwekea majira ya kizungu dukani. Kwa hiyo taa ilikuwa inawaka saa saba usiku, Goweko yote imelala, na kuzimika saa saba mchana wakati nasukutua mdomo baada ya ugali. Mwezi mzima imetii amri yangu bila kukosea dakika.

Samaki hawakulalamika. Ni wale wanaoitwa Tropheus duboisi, hawapatikani popote duniani ila Ziwa Tanganyika: wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe, wakikua madoa yanafutika na kichwa kinakuwa cha bluu. Kule ziwani wanakwangua utando wa kijani kwenye mawe, na taa ya usiku wa manane, ikifuatiwa na jua la dirishani mpaka magharibi, iliwaoteshea utando hadi juu ya kioo. Walinenepa. Waliokuwa na shida ya kuona ni wageni.

Mpwa alitaka kuandika 7:00. Nilimzuia. Nilirudisha nyuma saa ya swichi kwa saa sita, basi. Sasa AM kwake ni mchana na PM ni usiku, moja ni moja, na taa inazimika watu wakielekea kula chakula cha usiku. Utando umepungua, samaki wanajipanga kiooni kila asubuhi kudai chakula, nami nimekataa ushauri wa jirani wa kuwapa dagaa, kwa sababu hawa wa majani wakilishwa nyama matumbo huwavimba na kuwaua.

Fundi, ukija tena ukakuta saa ya tenki imepishana na ya simu yako, tafadhali usiirekebishe.