Ile Kamba Nyeupe ya Chemba

Jumamosi iliyopita, pilau ndiyo kwanza inapakuliwa, fundi bomba aliingiza mkono kwenye chemba ya uani akaanza kuvuta. Akavuta. Akavuta tena, kama mvuvi aliyenasa kitu ambacho hakukipangia chambo. Kikatoka kitu cheupe kilichoanza kuwa kijivu, kirefu, kimejisokota kama kamba ya nanga, kikalala kwenye sakafu mbele ya wageni wote wa arobaini ya kuzaliwa kwa mwanangu Zuhura. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wa mbele.

"Shikamooni mama zangu," fundi akasema kwa adabu zote, kamba bado i mkononi. Kisha akanigeukia. "Bosi, humu nani anatupa mashuka?"

Hayakuwa mashuka. Zilikuwa karatasi za nepi, yaani yale matandiko laini yanayowekwa ndani ya nepi ya taulo, ili mtoto akijisaidia ukunje mzigo pamoja na tandiko lake, utupe, na nepi ibaki ya kufulika bila kuziba pua. Nilizinunua mimi. Nilizichagua mimi, nusu saa nzima nimesimama dukani Kariakoo nikizipapasa kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Pakiti ilikuwa na maelekezo kwa lugha saba, Kiswahili hakimo, na kapicha ka choo chenye mshale unaoelekea ndani. Nikauamini mshale. Kwa wiki mbili niliutii kila siku, mara sita, mara saba, huku nikijiona baba wa kisasa.

Tangu Jumamosi nimekuwa mtafiti. Nilichukua bilauri mbili (zile za wageni, na ndiyo sababu mama Zuhura ananijibu kwa mkato mpaka leo), nikajaza maji, moja nikatia karatasi ya chooni, nyingine karatasi ya nepi, nikakoroga na kukaa kutazama. Karatasi ya chooni haikufika popote. Nyuzi zake ni fupi fupi, zimeshikana wakati wa kukaushwa tu, basi zikirudi majini zinatawanyika kama wapangaji waliosikia kodi inapanda. Ile ya nepi ilielea. Nikakoroga tena. Ikazunguka kwa raha zake, ikatulia.

Kumbe haifumwi wala haisokotwi. Nyuzi ndefu za viskosi, yaani mti au mwanzi ulioyeyushwa kwa kemikali ukavutwa upya kuwa uzi, hutandazwa kama pamba ya godoro, kisha hupigwa na michirizi ya maji myembamba kama sindano, yenye nguvu za kutisha, mpaka nyuzi zenyewe zinafungana mafundo. Nilivyolielewa hilo niliinuka kitini. Kitu kilichofungwa na maji, unategemea maji yakifungue? Kweli kinaoza, pakiti haidanganyi, hata picha ya mwanzi ipo. Ila kuoza kunataka wiki na miezi, na bomba linataka jibu sasa hivi.

Aina ya pili niliyokuwa nimeiweka akiba ni ya polipropilini. Hiyo ujanja wake ni kwamba hainywi maji: mkojo unapenya kwenye vitundu vyake, unanywewa na taulo lililo chini, na ngozi ya mtoto inabaki kavu. Nilikuwa namweleza shangazi maajabu hayo, akaivuta, akaipekecha kwa vidole viwili. "Si ile mifuko ya sokoni hii?" Ni yenyewe, au nduguye wa tumbo moja. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Juni 2019, ile laini ya rangi rangi iliyoshika nafasi yake ilitengenezwa kwa kitu hichohicho. Plastiki tumeifukuza mlangoni, mimi nikairudisha kwa makalio ya mwanangu.

Hapa kicheko kinaniisha. Mchora mshale ule alikuwa anamchorea nani? Mwaka 2017, chini ya Whitechapel, London, mfereji uliojengwa enzi za malkia Victoria ulizibwa na donge la mafuta, vitambaa vya kufutia watoto na nepi, urefu mita 250, uzito tani 130. Huko kwenyewe kumeziba! Mimi nina bomba la inchi nne lenye kona tatu, na shimo moja la nyumba ya kupanga ambalo familia nne tunachangishana gari la kunyonya. Nimelipa fundi, nimelipa gari peke yangu kama adhabu, na mwenye nyumba ameanza kuniita "mzee wa mashuka" mbele ya watoto wa watu. Mshale haukuchangia hata senti. Uko palepale kwenye pakiti, safi, unaelekeza ndani.

Mengine ni madogo. Karatasi moja ilifuliwa kwa bahati mbaya pamoja na nepi, ikatoka nzima kuliko nepi. Vaselini niliyompaka mtoto iliingia kwenye taulo, nepi ikawa koti la mvua. Jumatatu kikaoni nilitoa leso kupangusa jasho, haikuwa leso.

Na Jumanne, kliniki, muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho ndipo akaangua kicheko. Mtoto wa maziwa ya mama matupu, akasema, choo chake kinatoka kwa maji tu. Hizo karatasi ungesubiri aanze uji.

Mama mkwe hakusema neno. Alitoa khanga yake kuukuu, akaichana vipande, akavikunja vizuri, vya kutandika ndani ya nepi, vya kufua na kuanika. Ile sehemu ya jina ilikatika vipande vipande pia, kwa hiyo Zuhura sasa analalia SUBIRA, na akibadilishwa analalia YA. Kipande kimoja kilibaki na neno AIBU, zima, halikuguswa hata na mkasi. Hicho alikikunja mara nne akanikabidhi mimi.

"Baba Zuhura," akasema, "hiki cha kufutia jasho."